Konrodi za H si dawa ya kila Subaru

Mhariri,

Siku hizi kijana mwenye Subaru ya tabo (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) akifika Gerezani huwa na swali moja: konrodi za H ni bei gani? Konrodi ni mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki, na H ni umbo lake ukiukata katikati. Amesikia injini ya mwenzake imetoboa bloku (mwili wa injini), basi ameshaamua kuwa konrodi za kiwandani ni laini. Muuzaji naye hana sababu ya kumbishia. Naomba nafasi gazetini kwako, kwa sababu pesa nyingi zinakwenda kwenye chuma kisicho na kosa.

Konrodi huumia kwa namna mbili, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni kukandamizwa. Chukua EJ20, injini ya Subaru ambayo mafundi wengi wa hapa wameizoea: silinda ina kipenyo cha mm 92, pistoni inatembea mm 75, na konrodi ina mm 130.5 kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine. Presha ndani ya silinda ikifika baa 100, pistoni inasukumwa chini kwa uzito wa karibu tani 6.8. Huo ndio mzigo unaopinda konrodi, na hauji rivu zikiwa juu kama wengi wanavyodhani. Unakuja pale busti yote (presha ya hewa ya tabo) inapoingia mapema, dereva yuko gia ya tano, rivu 3,000, na mguu umefika chini. Petroli hafifu ikianza kujilipukia yenyewe kabla ya zamu yake, presha hupanda zaidi ya hapo. Ukikuta konrodi imepinda huku metali zake (beringi za upande wa kranki) ni nzima, kamuulize aliyetyuni gari.

Ya pili ni kuvutwa, na hii ndiyo inayoua ghafla. Pistoni ikifika juu baada ya kutoa moshi, hakuna mlipuko wa kuirudisha chini. Kinachoikamata isiendelee na safari yake ni konrodi, na kinachoishika kepu ya konrodi (kifuniko kinachoifunga kwenye kranki) ni bolti mbili. Tuseme pistoni pamoja na pini na ringi zake ina gramu 600. Kwa rivu 7,000 mvuto ni kama tani 1.6. Peleka 8,000, unakuwa tani 2.1. Rivu zimeongezeka kwa asilimia 14, mzigo kwa asilimia 31. Ndiyo maana mtu anayekosea akaingiza gia ya pili badala ya ya nne anaweza kuumaliza mchezo kwa sekunde moja. Kizuizi cha rivu hukata mafuta tu, magurudumu yakiizungusha injini, chenyewe hakina la kufanya.

Sasa umbo la H au la I? Zote mbili, zikiwa zimefuliwa kwa chuma cha 4340 (aina ya chuma kigumu) na kupashwa joto inavyotakiwa, zinatosha kwa gari la barabarani lenye tabo iliyokuzwa kiasi. H mara nyingi huwa nyepesi na haiyumbi upande. I nene hustahimili mkandamizo mkubwa, ndiyo maana wanaopakia busti nzito huipenda. Za aluminiamu waachie wa mbio fupi za mstari mnyoofu, maana huchoka na hubadilishwa kama ringi. Mabishano mengine ya umbo ni ya kijiweni. Na kama tabo ni ileile ya kiwandani, konrodi ya kiwandani iliyopimwa ikaonekana imenyooka haina sababu ya kutolewa.

Ningependa wanunuzi waulize bolti kwanza. Bolti ya konrodi ni springi: inafanya kazi kwa kuvutika kidogo, na mbano wake lazima uzidi mvuto wa pistoni, la sivyo kepu inafunguka na kufunga kila mzunguko mpaka bolti ikatike. Za chuma aina ya ARP2000 zinafaa kwa kazi nyingi. Za chuma aina ya L19 zina nguvu zaidi lakini unyevu unazila, hata jasho la mkono, na sisi wa pwani tunajua hewa yetu ilivyo. Kukaza kwa torki renchi (spana inayosoma nguvu ya kukaza) pekee ni kubahatisha, kwa sababu uzi mkavu na uzi uliopakwa grisi yake havikazi sawa hata renchi ikisoma namba ileile. Pima urefu wa bolti ikiwa huru, kaza, pima tena. Mara nyingi inatakiwa irefuke kati ya mm 0.13 na 0.16, ila karatasi iliyomo kwenye boksi ndiyo yenye neno la mwisho. Ukiifungua ukakuta imebaki ndefu kwa mm 0.025 kuliko ilipokuwa mpya, itupe.

Kuna kosa jingine: fundi anabakiza konrodi ya zamani, anaitia bolti ngumu zaidi, anafunga injini. Mbano mpya hubadilisha umbo la tundu kubwa, lile la upande wa kranki. Lazima kepu ikazwe kwa mbano huohuo, tundu lipimwe kwa boa geji (kipimo cha kipenyo cha tundu), na lisipokuwa duara lichongwe upya. Halafu ndipo upime nafasi ya oili. Kwenye jarnali (sehemu ya kranki inayoshikwa na konrodi) ya mm 52 lenga kama mm 0.05. Ikibana sana oili haipiti, ikilegea sana presha inashuka. Konrodi nne zipimwe pia kwenye mizani, zisipishane zaidi ya gramu moja au mbili. Boksi lenye jina kubwa lisikuzuie kutoa mikromita.

Tukirudi kwenye bloku zilizotobolewa, ukizifungua nyingi hukuti konrodi iliyochoka. Unakuta metali imeungua na kuzunguka, jarnali ina rangi ya buluu, na sampu (bakuli la oili chini ya injini) ina oili kidogo. Hapo konrodi ya bei yoyote ingekatika vilevile. Nyingine zilikunywa maji. Gari limevuka bonde la Jangwani lililojaa maji wakati wa masika, limezima, plagi zimetolewa, maji yakarushwa nje, likawaka, kila mtu akafurahi. Maji hayabanwi, kwa hiyo huenda konrodi ilishapinda kidogo siku ile, na inaweza kukatika miezi kadhaa baadaye kwenye barabara kavu. Kabla ya kulirudisha barabarani pima kompresheni (presha inayojengwa na kila silinda). Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, lakini ukiijaza hewa haivuji, ujue konrodi imefupika.

Mwisho, kwa wanaofunga injini za EJ wenyewe: konrodi hukazwa kwenye kranki kabla nusu mbili za bloku hazijakutanishwa, na pini ya pistoni, ile ya mm 23, huingizwa baadaye kupitia tundu la pembeni. Bloku ikishafungwa huzifikii tena bolti zile. Kwa hiyo vipimo vyote nane vya urefu viandikwe kwenye karatasi, na mwenye gari apewe karatasi hiyo pamoja na risiti.

Fundi injini,
Gerezani, Dar es Salaam