Doto, mlete mjukuu wangu

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu Doto,

Marahaba mama. Huku hatujambo, mvua zimeanza kushika na dagaa wamepanda bei kwa sababu hawakauki. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu nikianza kulia nitashindwa kusema, na wewe ukisikia nalia utadhani kuna msiba. Hakuna msiba.

Jumapili ulinipa mume wangu Baraka kwenye video nimsalimie. Nilimwita mara nne. Hakugeuka. Lakini tangazo la redio lilipolia sebuleni kwenu, aligeuka papo hapo. Alikuwa amelipindua gari lake la plastiki, anazungusha tairi moja kwa kidole, kichwa amekilaza pembeni kabisa, analitazama kwa karibu mpaka kope zinaligusa. Wewe ulicheka ukasema, "Mama, huyu atakuwa fundi gari." Mimi sikucheka, na najua uliona. Tairi lile nimeshaliona, mwanangu. Mdogo wako Shija alikuwa akikaa hivyo hivyo mbele ya baiskeli ya marehemu baba yenu, saa nzima, hataki uji wala maziwa.

Sisemi Baraka ana usonji (autism) kama Shija. Mimi ni mwalimu mstaafu, si daktari, na hakuna mtoto ambaye hajawahi kuzungusha tairi. Kinachonitia wasiwasi ni mambo kuja kwa pamoja. Ana miaka miwili na miezi miwili, hajaunganisha hata maneno mawili. Haonyeshi kitu kwa kidole. Akitaka maji anakushika kifundo cha mkono na kuupeleka mkono wako kwenye jagi, bila kukutazama usoni. Na mwezi wa sita uliniambia kwa kugusia tu kwamba zamani alikuwa anasema "mama" na "maji", siku hizi hasemi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mtoto akipoteza maneno aliyokuwa nayo, awe na umri wowote, anapelekwa kwa daktari. Hasubiriwi.

Mama mkwe wako anasema wavulana huchelewa kusema. Nami niliambiwa hivyo hivyo, tena na muuguzi kliniki, akanigongea muhuri kwenye kadi nikaondoka nimefurahi. Ni kweli watoto hawalingani. Lakini ziko alama ambazo mtoto asipozifikia unauliza. Kufikia mwaka mmoja mtoto anatoa sauti za ba-ba na da-da, anapunga mkono, ananyoosha kidole kukuonyesha ndege. Miezi 16, ana neno lake hata moja. Miaka miwili, anaunganisha mawili yaliyotoka kichwani mwake mwenyewe, "baba njoo", si yale ya kurudia ulichosema. Lile la kidole watu hulidharau, na mimi naliona kubwa kuliko yote. Mtoto anayekuonyesha ndege hataki ndege. Anataka mtazame wote wawili.

Sasa nikueleze jambo ambalo hujawahi kulisikia kwangu. Ulikuwa na miaka saba, wewe na Kulwa tuliwaacha kwa mama mdogo. Shija alikuwa na minne. Bibi yenu mzaa baba alisema mambo ya mapacha hayakumalizwa sawasawa mlipozaliwa, ndiyo maana aliyewafuata amefungwa mdomo. Tukaambiwa yuko mganga ng'ambo, mbele ya Sengerema. Tukapanda feri Kigongo.

Ilipopiga honi, Shija alijitupa chini kwenye bati la feri. Alipiga kelele ambazo sijui nizifananishe na nini, akang'ata mkono wake mpaka alama za meno zikabaki. Abiria wakatuzunguka. Mama mmoja mwenye tenga la kuku akaniambia, "Mwalimu mzima unashindwa na mtoto? Mtandike huyo." Sijui alijuaje kwamba mimi ni mwalimu. Nikampiga, Doto. Makofi mawili. Hakunikimbia. Alikishika kiganja kile kile kilichompiga, akakibandika kwenye sikio lake, akakikandamiza kwa mikono yake yote miwili mpaka feri ilipogusa Busisi.

Mimi nikaona ni ukaidi tu. Tulirudi na chale kifuani pake na deni la mbuzi.

Ilichukua miaka mitano mingine. Mwaka 2010, Shija akiwa na tisa, ndipo tulipokaa na daktari wa afya ya akili aliyetusikiliza mpaka mwisho. Alinieleza kwamba ubongo wa watoto hawa hupokea sauti, mwanga na mguso tofauti na wetu. Honi ambayo kwako ni kelele tu, kwa mwingine ni maumivu. Nikamwomba ruhusa nitoke nje kidogo.

Aliporudia kunieleza, alisema usonji una pande mbili. Upande wa kwanza ni mawasiliano na watu: kutazamana, kupokezana maneno, kuelewa mwenzako anahisi nini, kucheza michezo ya kuigiza. Upande wa pili ni kurudiarudia na kushikilia utaratibu: kupanga vizibo vya soda mstari mmoja, kupigapiga mikono kama mabawa akifurahi, kulia njia ya kwenda dukani ikibadilishwa, pamoja na hilo la hisia. Zote mbili ziwepo, na zianze utotoni. Kiwango chake kinatofautiana mno. Yuko asiyesema kabisa maisha yake yote, na yuko anayesoma chuo kikuu lakini hajui la kufanya watu wakitaniana. Wasichana mara nyingi hupitwa, kwa sababu hujifunza kuiga wenzao na kujificha.

Nilimuuliza kosa langu ni lipi. Nilirudi kazini siku 84 za likizo ya uzazi zilipokwisha, nikamwachia dada wa kazi, na kwa miaka yote hiyo nilijua moyoni kwamba ni hapo nilipoharibu. Akaniambia hata wasomi waliwahi kukosea hapo hapo. Leo Kanner alieleza watoto 11 wa namna hii huko Marekani mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye madaktari wakubwa walishikilia kwamba mama mwenye moyo wa baridi ndiye anayemfanya mtoto hivyo. Akina mama wangapi walibebeshwa mzigo ule! Ilikuwa uongo. Ubongo huanza kujengwa hivyo tangu tumboni, na urithi una sehemu kubwa. Nakwambia hili la urithi kwa makusudi, maana Shija ni mdogo wako wa damu na ni mjomba wa Baraka. Hiyo nayo ni sababu ya kutosubiri. Si sababu ya kujilaumu, wala ya baba Baraka kulaumu ukoo wetu.

Wifi yako naye ameniandikia ujumbe kwamba ni chanjo. Mwambie kwa upole. Maneno yale yalianzia Uingereza mwaka 1998 kwenye andiko la daktari mmoja, Andrew Wakefield, lililohusu watoto 12 tu. Jarida lililolichapisha lilikuja kulifuta mwaka 2010, na tafiti za watoto wengi sana hazikuona uhusiano wowote. Huku kwetu chanjo ya surua na rubela ya pili huchomwa mtoto akiwa na miezi 18, na huo ndio umri ambao dalili za usonji huanza kuonekana wazi. Ndiyo maana watu huzifunga kamba moja. Surua yenyewe inaua. Nimezika wanafunzi.

Na hiyo simu unayojilaumu kwamba ulimzoesha, haikumletea usonji. Ipunguze tu, kwa sababu saa anayoitazama ni saa ambayo hakuna anayeongea naye.

Nataka pia utofautishe mambo, maana mtaani kwetu yote huitwa "akili". Usonji si kichaa. Ni namna ya kukua, na hauna tarehe ya kuanza kama homa. Kuna watoto wenye ulemavu wa akili, ambao uelewa wenyewe huenda taratibu katika kila kitu. Kuna wenye mtindio wa ubongo, ambao shida yao kuu ni viungo na mwendo, na wapo wengi ambao akili yao haina neno. Halafu kuna magonjwa ya akili yenyewe, kama sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, au skizofrenia, ya kusikia au kuona yasiyokuwepo, ambayo yanaweza kumjia mtu aliyekua vizuri kabisa, mara nyingi ujanani. Kijana wa jirani aliyeanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo akiwa kidato cha tano, yule ni mgonjwa, na ana dawa. Aliitwa mwenye mapepo kwa miaka miwili. Mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya jambo moja. Shija alianza kifafa akiwa na miaka 13, na tukaambiwa kwamba kifafa huwapata wenye usonji zaidi ya watu wengine. Ukiona Baraka anaduwaa ghafla, macho yamesimama, hasikii wala ukimgusa, mwambie daktari. Akipata degedege mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Likipita dakika tano, hospitali.

Kuna na yule mwanafunzi wangu wa darasa la pili, namkumbuka kila nikikiona kiti kimelegea miguu. Hakukaa. Angeandika herufi tatu, penseli imeanguka, yuko dirishani, yuko chini ya dawati. Kwao pia walisema hivyo hivyo, hatumwi dukani akakumbuka alichotumwa. Nilimchapa mwaka mzima. Leo najua kuna hali ya kukosa utulivu na umakini, huonekana kabla ya miaka 12, nyumbani na shuleni pia, miezi na miezi, na mtoto hawezi kuiacha kwa fimbo kama vile asivyoweza kuacha kikohozi. Angekaa mbele karibu nami, ningempa kazi fupi fupi, ningemtuma kuleta chaki kila baada ya dakika kumi. Aliacha shule darasa la nne. Miaka 27 nimefundisha, na yule ndiye ninayetaka kukutana naye nimwombe radhi.

Basi fanya hivi. Omba ruhusa kazini, njooni. Daraja la Kigongo limefunguliwa tangu Juni 2025, hakuna tena kusubiri feri na hakuna honi. Mtashuka stendi ya Nyegezi, nitakuwa pale. Kesho yake tutapanda hospitali ya Bugando. Njoo na kadi ya kliniki, na uandike kwenye karatasi: alizaliwa vipi, alilia mara moja au alichelewa, alipata manjano kali, malaria kali au homa ya uti wa mgongo, alikaa lini, alitembea lini, maneno gani alikuwa nayo na yalipotea lini. Mrekodi kwa simu akicheza, akila, akiitwa jina. Mbele ya daktari atakaa kimya au atalia, na utaonekana unatia chumvi.

Kwanza masikio yapimwe. Hata kama redio aliisikia, yapimwe, kwa sababu mtoto anaweza kusikia sauti nene na asisikie maneno. Kisha utaulizwa maswali. Kuna dodoso la maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 mpaka 30, la ndiyo na hapana, Baraka bado yumo humo. Dodoso hilo halisemi mtoto ana nini, linasema tu kama achunguzwe zaidi. Hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha usonji, wala hakuna dawa ya kuuondoa. Anayekuuzia, awe na kanzu, koti jeupe au chupa ya mafuta, usimpe hata shilingi. Kinachosaidia ni kumfundisha mapema, kila siku, na wewe mwenyewe kufundishwa jinsi ya kucheza naye. Ulimi wake msikubali ukatwe chini kwa madai kwamba umeshikwa, mpaka daktari autazame.

Wewe mwenyewe nakuangalia pia. Mwaka ule wa 2010 nilikwenda kazini, nikapika, nikaosha, na sikumbuki chochote. Nilikuwa naamka saa tisa usiku na kukaa kitandani nimetazama ukuta. Chakula kilikuwa kama karatasi. Nilidhani ni uchovu, kumbe ilikuwa sonona. Zikipita wiki mbili hivyo, huna hamu ya lolote, unaona afadhali usingekuwepo, hiyo si kukosa imani na wala haiishi kwa kujikaza. Utaniambia mimi, na tutamwambia daktari. Usinifiche kwa sababu nimezeeka.

Unajua Shija alivyo leo. Anashona nyavu pale mwaloni na mzee yule aliyemfundisha, tundu analiona kabla hujalinyoosha kwa mwanga. Haongei mengi. Lakini ukichelewa kurudi anasimama mlangoni. Walionambia atakuwa zezeta wengine wameshakufa. Siwezi kukuahidi kwamba Baraka atakuwa hivyo, au zaidi, au pungufu. Sijui, na mtu yeyote anayekuahidi kwa umri huu anakudanganya. Ninachokijua ni miaka ile mitano, tangu feri mpaka kwa daktari. Shija angeweza kuipata, mimi ndiye sikumpa.

Nimemwambia kwamba mnakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Wageni wa ghafla humvuruga, lazima aambiwe mapema. Nimemchorea duara jekundu kwenye kalenda ya ukutani, na kila asubuhi anafuta siku moja kwa mkaa. Jana usiku nilimkuta amelitoa lile kopo la vizibo vyake vya zamani, ameviosha vyote, amevianika kwenye kanga yangu barazani. Nilimuuliza vya nani. Akasema, "Vya nani. Vya Baraka."

Mama yako