Risala ya kina mama wa maboksi kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, sajenti mstaafu, dada yetu ambaye siku zote tunakuita mama nanihii ila leo itabidi tukuite mheshimiwa uvumilie tu, mchungaji na ustaadh mliokaa meza moja hapo mbele, wazee wetu shikamooni, kina baba mliobeba meza tangu asubuhi na mvua hii ya Tacoma isiyojua wikiendi, na nyie watoto mnaokula kashata za wanajeshi pale nyuma nawaona, hamjambo wote.

Mimi ndo katibu. Mwenyekiti kanipa dakika tano na yeye mwenyewe anajua mimi nikishika maiki inakuaje, kwahiyo tusilaumiane.

Kikundi chetu mgeni rasmi hakina jina rasmi. Tulijaribu kuchagua kwenye grupu la WhatsApp, wengine wakataka Upendo wengine Tumaini, kukawa na maneno, mtu mmoja akajitoa kwenye grupu usiku wa manane, tukaona bora tuache. Watu wanatuita kina mama wa maboksi na sisi tumeitika. Tuko Wakenya, Watanzania, Wakongo wawili na Mganda mmoja ambaye Kiswahili chake kinatuchekesha ila ndiye anayejua kufunga boksi kuliko wote. Kazi yetu ni moja, tunatuma vifurushi kwa vijana wetu walioko kwenye jeshi la Marekani wakipelekwa nje ya nchi. Wengi wametoka hapa hapa kambi ya jeshi ya Lewis-McChord, ambayo kwa gari ni karibu kuliko duka la Wasomali kule Tukwila tunakonunua majani ya chai.

Tulianza na mama mmoja na kijana mmoja. Kijana aliingia jeshini kupitia ule mpango ulioanza mwishoni mwa 2008 wa kuchukua wahamiaji wanaojua lugha zinazohitajika, na Kiswahili kilikuwemo, basi akapata uraia sisi bado tunamlipa wakili kwa mafungu. Akapelekwa Kuwait. Mama yake hakulala. Kila akipiga simu ni swali moja tu, mwanangu anakula nini huko, na sisi nasi tukaingiwa na hofu kama ya kwake, tukakusanyana jikoni kwake Jumamosi tukapika utadhani kuna harusi. Mandazi, chapati, maandazi mengine ya nazi, nyama ya kukausha, tukashindilia kwenye maboksi.

Mgeni rasmi unacheka, unajua kilichofuata.

Kwanza nyama haikutakiwa kabisa kutumwa huko. Pili mandazi yaliyofika yalikuwa yameota manyoya. Tatu, na hili ndo la aibu zaidi, boksi la kwanza kabisa wala halikufika, kwasababu mwenzetu mmoja (simtaji, yupo, amevaa kitenge cha bluu) aliona anwani ina namba na herufi tu, APO (ndo posta ya jeshi) halafu AE halafu namba inayoanza na 09, akasema hii haijakamilika, akaongeza kwa mkono wake Kuwait City, Kuwait. Sasa anwani ya kijeshi ukishaandika nchi boksi linatoka kwenye njia ya jeshi linaingia kwenye posta ya kawaida ya kimataifa, likazunguka huko wee, miezi minne baadae likarudi mlangoni kwa mama wa watu na harufu ambayo sitaielezea mbele ya chakula. Anwani ya APO unaiandika ilivyo na unalipia bei ya ndani ya Marekani, kama unamtumia mtu Ohio. Boksi linaenda nusu ya dunia kwa bei ya Ohio, kwa kweli hili la posta mimi huwa nalisifia.

Kijana alipopiga simu akasema mama chakula ninacho. Na kweli anacho, kuna mesi, na wakiwa porini wana zile pakiti zao za chakula zinazoitwa MRE, moja ina kama kalori 1,250, mimi hapa nikila mbili kwa siku daktari atanipigia simu. Akasema nitumie vitu ambavyo hapa hakuna mtu anayejua majina yake.

Basi hapo ndo tulijifunza kazi. Tukaanza kuuliza kwanza badala ya kudhani. Vijana wanataka majani ya chai, pilau masala, ukwaju, korosho, kashata za karanga, pilipili ya unga, soksi nyeusi nzito, mafuta ya mdomo, vitambaa vya kujifutia maana vumbi la kule linaingia mpaka kwenye meno. Chokoleti kuanzia Mei mpaka Septemba hatutumi, Kuwait Julai joto linapita nyuzi 45, itafika supu. Pombe hairuhusiwi, na msijaribu kuificha kwenye chupa ya dawa ya kusukutulia kama kuna mtu alivyopendekeza, marufuku hiyo ipo tangu vita vya Ghuba vya 1990. Nguruwe pia kwa anwani nyingi za huko hapana. Na sabuni kamwe isikae na chakula, hata ukifunga mifuko mitatu. Tulituma kashata pamoja na sabuni za kuogea, binti akatujibu kwa adabu kabisa, shangazi asanteni, kashata zimefika na zinatoa povu.

Ubuyu nao una kesi yake. Ule mwekundu wa Zanzibar. Pakiti ilipasuka kwenye boksi lenye fulana nyeupe sita, kijana akafungua mbele ya wenzake akakuta nyekundu kila mahali, wenzake wakaruka nyuma. Ilibidi aule pale pale kuwaonyesha sio kitu kibaya. Wiki mbili baadae wenzake ndo wakawa wanauliza kama shangazi zake watatuma tena ule unga mwekundu.

Kuna mwingine alipelekwa mahali nisipopataja, ila ni mahali penye mikoko na majahazi na nazi na wenyeji wanaongea Kiswahili kizuri kuliko mimi na wewe. Tukamtumia chai. Hebu fikirini safari ya chai ile jamani, imelimwa Kericho, ikapanda meli ikaja mpaka Tukwila, tukainunua kwa dola, tukaiweka kwenye ndege ya jeshi ikarudi nyumbani, na kijana anakaa anakunywa akisikia adhana kwa mbali na hawezi kutoka getini kwenda kununua maandazi. Bibi yake yuko Malindi. Alitwambia kilichomliza sio chai, ni gazeti la zamani tulilofungia vikombe, lilikuwa na matangazo ya vifo ya Mombasa akayasoma yote.

Sasa mgeni rasmi naomba nilalamike kidogo. Watu wakisikia tunakusanya vitu wanatuletea uchafu wa makabati yao. Tumeletewa dagaa za kopo zilizoisha muda 2014. Tumeletewa shampuu za hoteli zilizotumika nusu. Tumeletewa soksi, pea moja ya kushoto na nyingine sijui ya wapi. Mtu anakwambia si ni msaada, wapo vitani hawatachagua. Hapana jamani! Hawa sio maskini, wana mishahara, na wengine ndo wanaolipa ada za wadogo zao Kisumu na Mbeya. Nilisoma kwamba hata neno lenyewe, care package, yaani boksi la kumtumia mtu kama haya yetu, lilianza na shirika la CARE lililoanzishwa Novemba 1945, na maboksi yao ya kwanza yaliyofika Ufaransa Mei 1946 yalikuwa ni chakula cha ziada cha jeshi walichopewa raia wenye njaa. Yaani mwanzoni jeshi ndo lililisha raia. Leo raia ndo tunamfungia mwanajeshi, na mwanajeshi kashiba. Kwahiyo boksi letu halina uhusiano na njaa, na anayeleta dagaa za 2014 hajaelewa tunafanya nini.

Wewe ndo ulitufanya tuelewe mgeni rasmi. Mwaka jana ulikuja kwenye kufunga maboksi, ukakaa pale kwenye kona na mkasi, ukatusimulia ulipokuwa Iraq kulikuwa na kijana kwenye kikosi chako, barua zikiitwa yeye jina lake haliitwi. Hakuwahi kulalamika. Ila alikuwa akiwaomba wenzake maboksi matupu, anasema anataka kuwekea viatu, na ulipokagua chini ya kitanda chake ukakuta maboksi manne, hayana kitu ndani, yamepangwa majina ya watumaji yakiangalia nje. Ulisema tu hivyo ukaendelea kukata tepu. Sisi hatukulala siku ile.

Ndo maana ombi letu kubwa leo sio hela, ingawa hela nayo karibu, kuna kikapu pale mlangoni. Ombi letu ni majina. Zamani ungeweza kuandika tu kwa mwanajeshi yeyote, posta ikapeleka, lakini baada ya zile barua zilizotiwa vimelea vya kimeta mwishoni mwa 2001 utaratibu huo ulifungwa, sasa bila jina kamili na kikosi na anwani yake boksi haliendi. Na kijana asiye na mama hapa Marekani, aliyekuja peke yake na ndugu wote wako Goma au Nakuru, hakuna mtu wa kutuletea jina lake. Wewe bado una watu mle ndani wanaokusikiliza. Waulize hao vijana kwa hiari yao, asiyetaka tusimsumbue, na majina yaje kwako uyalete mkononi kwa karatasi. Sio kwenye grupu la WhatsApp. Lile grupu letu kitu kikiingia saa tatu, saa tatu na robo kipo Dar.

Mengine ni madogo, tunaomba mtu mwenye kompyuta na printa maana fomu za forodha siku hizi haziandikwi kwa mkono, na mbele ya dirisha la posta sisi kina mama kumi na maboksi kumi watu wa nyuma wanatuangalia vibaya. Maboksi matupu posta inatupa bure. Na kwa ajili ya Krismasi vitu vyote viwe hapa kabla Novemba haijaisha, tafadhali, mwaka jana mtu kaleta kadi tarehe 22 Desemba anauliza itawahi.

Mzee wetu wa pale nyuma kaniomba niseme na hili. 1978 vita ya Kagera ilipoanza yeye alikuwa mtoto, kijijini kwao kila nyumba ilitoa kitu, mwenye ng'ombe ng'ombe, mwenye mahindi mahindi. Bibi yake hakuwa na ng'ombe. Alikaanga karanga akazifunga kwenye kipande cha kanga, fundo moja gumu, hakujua kuandika na hakumjua mwanajeshi hata mmoja. Mjukuu akamuuliza sasa bibi atakula nani, akajibiwa atakula atakayefungua fundo.

Mgeni rasmi, kwenye meza ya mbele kuna maboksi kumi na moja, kumi yamefungwa. La mwisho tumeliacha wazi, lina chai, soksi, ubuyu umefungwa mifuko minne safari hii, na nafasi ya barua juu. Linakwenda kwa binti wa miaka kumi na tisa ambaye hii ni mara yake ya kwanza kutoka. Hakujui. Karatasi na kalamu hizo hapo, tepu anayo yule dada Mganda na hatakuruhusu uifunge vibaya.

Naomba kuwasilisha.