Robo saa ya waume ihesabiwe upya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie lawama wanazobebeshwa wanawake wa hapa Tanga kila asubuhi, kwamba huchukua muda mrefu mno kujitayarisha ilhali waume zao, kwa kauli yao wenyewe, humaliza kila kitu ndani ya robo saa.

Robo saa hiyo inahesabiwa kuanzia wapi? Katika nyumba nyingi za Ngamiani ninazozifahamu, mwanamume anapoamka hukuta maji ya kuoga yamekwisha kupashwa moto, shati limepigwa pasi tangu usiku na kutundikwa nyuma ya mlango, na chai ya tangawizi iko mezani pamoja na vitumbua. Aliyeyafanya hayo yuko macho tangu adhana ya alfajiri: amewasha jiko la mkaa, amewaogesha watoto, ametafuta soksi ya pili iliyopotelea uvunguni, ndipo akapata dakika chache za kuoga na kuvaa baibui. Dakika hizo ndizo zinazopigiwa kelele na mume aliyekwisha kupanda baiskeli, akigonga kengele barazani.

Sikatai kwamba wapo wanaojikwatua kupita kiasi mbele ya kioo, na wanaume wamo (vijana wa siku hizi na nywele zao, mwenyewe utakuwa umewaona). Hata hivyo, kwa kuwa ofisi za Serikali huanza kazi saa 1:30 asubuhi kwa wote, napendekeza mume mwenye haraka awavalishe watoto sare kwanza, kisha ndipo atazame saa.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga