Barua ya kufunga muhula: zoezi la likizo la kutenganisha taarifa na maoni

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Lindi.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: ZOEZI LA LIKIZO, DARASA LA SITA NA LA SABA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ripoti ya mwanao imeambatanishwa.

Muhula huu watoto wamejifunza kupima sentensi kwa swali moja: kuna njia ya kuihakiki? Kama ipo, iwe mizani, ramani, stakabadhi au kumbukumbu, hiyo ni taarifa. Kama inategemea msemaji anapenda nini au anaona kipi kinafaa, hayo ni maoni.

Tumetumia sana mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa huku Lindi na sasa iko Berlin, Ujerumani. "Wajerumani waliichimba mifupa ile kati ya 1909 na 1913" ni taarifa. "Mifupa irudishwe Lindi" ni maoni, hata darasa zima likiyaunga mkono. "Mifupa iliyosimamishwa Berlin ni ya mjusi mmoja" ndiyo iliyowatatiza wengi. Nayo ni taarifa, ila ina kosa, kwa kuwa imeunganishwa kutoka kwa wanyama zaidi ya mmoja. Watoto hudhani taarifa zote ni kweli na maoni yote ni uongo. Ndiyo maana kila maoni tunataka yaandikiwe sababu: mwenye sababu nzuri apate alama, hata kama mwalimu hakubaliani naye.

Kosa jingine ni kuwinda maneno. Mtoto akiona "nadhani", anaandika maoni papo hapo. Lakini "Nadhani magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981" inahakikika, na ni sahihi. "Magofu ya Kilwa yanapendeza kuliko ya Kaole" haina "nadhani" yoyote, na ni maoni matupu. Tarakimu nazo hulaghai: "asilimia mia moja" ya mtu ambaye hakuhesabu chochote haithibitishi kitu.

Sentensi nyingi za mtaani zimechanganyika. "Korosho zimeuzwa mnadani kwa bei ya dhuluma" ikatwe vipande viwili. Mauzo na bei vinaonekana kwenye karatasi za chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. "Dhuluma" ni hukumu ya msemaji. "Bei itapanda mnada ujao" ni utabiri: mtoto aandike tarehe ya mnada, airudie siku hiyo ikifika.

Nyumbani tunaomba dakika kumi, mara tatu kwa wiki. Chagua habari ya redio au ujumbe wa kundi la WhatsApp, sentensi tano tu. Zikizidi mtoto huchoka akaanza kubahatisha. Achore safu tatu daftarini: sentensi, aina yake, na mahali pa kuhakiki. Safu ya tatu ndiyo tutakayoisahihisha kwa makini. "Nitauliza watu" haitoshi. Tahadhari ya kimbunga, kwa mfano, ihakikiwe kwenye tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, si kwa aliyeisambaza.

Tafadhali usimpe jibu. Muulize, "Umejuaje?", kisha mngoje. Naye akikuuliza hivyo hivyo kwa heshima, usimhesabie utovu wa adabu, ndivyo tulivyomfundisha.

Daftari akabidhiwe mwalimu wa darasa siku ya kufungua shule.

Wako katika kazi,
Mwalimu Mkuu