Marumaru ya Carrara si ya sanamu pekee

Ndugu Mhariri,

Kila habari za marumaru ya Carrara, huko Toscana nchini Italia, zinapoandikwa, simulizi huanzia kwa Michelangelo na sanamu yake ya Daudi, na mara nyingi huishia kwenye mahekalu ya Roma ya kale. Sina ugomvi na sifa hizo, lakini zinawafanya wasomaji waamini kwamba mlima unachimbwa kwa ajili ya wachongaji, jambo ambalo kwa sasa ni mbali na ukweli.

Kwa wenyeji, marumaru ni jiwe la kawaida: wanalikanyaga vizingitini, kwenye ngazi na kando ya barabara. Katika kijiji cha Colonnata, kilichozungukwa na machimbo, mafuta ya mgongo wa nguruwe hupangwa kwa tabaka, pamoja na chumvi, pilipili manga na rosemari, ndani ya masanduku ya marumaru yaliyosuguliwa kitunguu saumu, yakaachwa humo kwa muda usiopungua miezi sita, jiwe likiyatunzia ubaridi. Kilikuwa chakula cha wachimbaji, na mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulikipa jina lake ulinzi wa kisheria. Sanduku la namna hiyo hukatwa mara moja, likatumika na baba, mwana na mjukuu.

Kinachoumaliza mlima ni kingine. Misumeno ya waya yenye almasi imeharakisha ukataji kupita kiasi, na sehemu kubwa ya kinachoteremshwa kwa malori si mapande ya kuchonga bali ni vifusi, ambavyo husagwa kuwa kaboneti ya kalsiamu ya kutengenezea dawa ya meno, karatasi na rangi za ukutani. Ukataji huo huacha tope laini ambalo mvua hulisomba hadi mto Carrione, maji yakawa meupe kama maziwa, na jingine hupenya kwenye nyufa za miamba na kuchafua chemchemi ambazo watu wanazitegemea kwa maji ya kunywa. Kwangu mimi, hilo ni jambo zito kuliko sanamu yoyote.

Kwa hiyo, mtakapoandika tena kuhusu Carrara, naomba mwandishi wenu aulize ni kiasi gani cha mlima kinachoondoka kikiwa unga, na ni nani anayelipia usafishaji wa chemchemi hizo.

Wako,
Msomaji