Shukrani kwa fundi wa Igoma

Napenda kumshukuru hadharani fundi mmoja mtu mzima wa Igoma, jijini Mwanza, ambaye hakutaka jina lake litajwe, kwa msaada alionipa baada ya gari aina ya Peugeot 504 aliloniachia marehemu baba kukwama kwenye ukaguzi. Karatasi ya mkaguzi ilieleza kwamba breki zilivuta kushoto na kwamba hendibreki haikushika mlimani.

Wapo walionishauri niliuze kama chuma chakavu. Yeye aliufungua mpira wa breki wa mbele kulia, akanionyesha kuwa kwa nje ulikuwa mzima ilhali kwa ndani ulikuwa umevimba hadi mafuta yanapita kwa shida, ndiyo maana gurudumu la kushoto lilikuwa likishika kwanza. Mafuta ya breki aliyamwaga yote, kwani hunyonya unyevu wa hewani, na breki zikipata moto sana maji hayo huchemka na pedeli ikazama. Waya wa hendibreki aliukaza tu. Kisha akachokoa sakafu kwa bisibisi, pembe hadi pembe, akisema kuwa magari ya umri huu humalizwa na kutu kuliko injini.

Ukaguzi wa pili limepita. Sitalisifu kupita kiasi: bado hupata moto likipanda Bugando mchana, na Musoma nitaendelea kwenda kwa basi. Lakini breki zinashika sawasawa, na kwa hilo, mzee wangu, nasema asante sana.