Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Mashine isiwashwe kabla kinga yake haijakaguliwa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua tatu nilizoleta ofisini kwako hazijajibiwa, na kwa kuwa Alhamisi iliyopita kijana wa zamu ya usiku alivutwa mkono na rola ya konveya, ule mkanda wa kusafirishia mizigo kiwandani. Kiwanda sikitaji, na kijana simtaji. Ila ujue kwamba rola hiyo tuliizungushia wino mwekundu kwenye mchoro mwaka mmoja na nusu kabla haijamfikia.

Ninaongoza timu ya wahandisi saba. Kazi yetu ni kukiwekea kiwanda usalama kikiwa bado karatasini. Tunatafuta mahali mashine inapoweza kumnasa mtu, tunapanga kizuizi, njia ya fundi, mahali pa kukatia umeme, mlango wa kukimbilia moto ukizuka. Karatasini, kusogeza rola mita moja ni kazi ya asubuhi moja. Zege likishamwagwa na mitambo ikishafungwa, kuisogeza rola hiyohiyo ni kusimamisha uzalishaji, na hakuna anayetaka hata kutusikiliza.

Niruhusu nikueleze konveya ile. Pale mkanda unapoingia kwenye rola pana mdomo. Vidole vikiingia, mkono wote unafuata. Tuliupangia kizuizi cha chuma chenye mlango, na mlango huo ukifunguliwa mota inazimika. Lakini mkanda ule ukizimwa huendelea kuzunguka kwa takriban sekunde moja, na kiwango cha kimataifa cha ISO 13855, kinachopanga umbali wa kinga na mashine, hukadiria kuwa mtu huikaribia mashine kwa milimita 1,600 kila sekunde. Maana yake, mlango ukiwa umbali wa chini ya mita 1.6, mkono unafika kabla rola haijatulia. Nafasi hiyo haikuwepo. Ndiyo maana tulichora kufuli isiyoachia mlango mpaka mkanda usimame kabisa.

Kwenye kupunguza gharama, kufuli ikafutwa. Kikabaki kizuizi cha bolti nne. Mkanda ukawa unakwama kila zamu, na kufungua bolti nne kila mara kunachosha, mafundi wakakitoa. Nilifika Ijumaa asubuhi nikakikuta kimeegemezwa ukutani, kina vumbi, bolti zake zimefungwa pamoja kwa kipande cha waya zisipotee. Juu ya rola palikuwa na bango jipya la TAHADHARI.

Taarifa ya ajali imeandika "uzembe wa mfanyakazi". Mheshimiwa, nimeisoma mara nne na kila mara mikono inanitetemeka. Mkaguzi wako alipofika aliuliza kama kijana alikuwa amevaa glovu. Karibu na rola inayozunguka, glovu ndiyo inayonaswa kwanza! Kila anayesomea kazi hii hufundishwa kwamba unaanza kwa kuiondoa hatari, ukishindwa unatafuta mbadala wake, kisha unaizuia kihandisi. Taratibu na mabango vinafuata, na vifaa vya kujikinga ndiyo ngome ya mwisho. Ukaguzi wetu unaanzia huko mwisho, tena damu ikishamwagika.

Tarehe 28 Aprili mwaka juzi, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ulisimama mbele yetu ukasema kanuni ya kukagua michoro itakuwa tayari ndani ya miezi sita. Nilikuwa safu ya pili. Niliiandika tarehe ile kwenye daftari langu. Rasimu tuliiandaa sisi, usiku, bila malipo, na haikuwa na jambo geni: Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unazitaka mamlaka kuweka masharti ya usanifu, ujenzi na mpangilio wa sehemu za kazi, na hata ya kuanza kazi zenyewe, pale hatari inapodai hivyo.

Kwa nini imekwama, sijui kwa uhakika. Nahisi wapo waliokuambia kwamba itawachelewesha wawekezaji. Kama ndivyo, wangekueleza pia kuhusu kiwanda cha kemikali cha Bhopal, India, kilichovuja gesi ya sumu mwaka 1984. Mchoro wa kiwanda kile ulikuwa na kinga. Usiku gesi ilipotoka, mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa na mnara wa kuichomea gesi haukuwa unafanya kazi. Maelfu walikufa. Kinga iliyobaki kwenye karatasi haimkingi mtu.

Mwenzetu mmoja ameacha kazi wiki hii. Kizuizi kile alikichora yeye. Mimi nilikwenda hospitali Jumamosi. Mama wa kijana alinishika mkono, hakupandisha sauti, akauliza, "Mwanangu, mlikuwa mnajua?" Nikamjibu ndiyo. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa kubahatisha. Nakuandikia saa tisa usiku.

Sikuombi bajeti, Mheshimiwa, wala sikuombi semina nyingine. Naomba kibali cha kuwasha mtambo kisitoke mpaka mhandisi wa usalama amekagua mchoro, kisha amesimama mbele ya mashine yenyewe na kuthibitisha kwamba kilichochorwa ndicho kilichofungwa. Na anayetaka kuifuta kinga baadaye aandike sababu na kuweka jina lake. Kibali kisitoke kabla ya hapo. Hilo tu.

Jumatatu tunakabidhi michoro ya kiwanda kingine chenye konveya 12. Kila moja tumeichorea kufuli yake. Rasimu ya kanuni iko mezani kwako, ukurasa wa saini ni wa tisa. Nakuomba uisaini kabla mtu hajazifuta kufuli hizo.

Kwa heshima,
Kiongozi wa timu ya wahandisi wa usalama